Mashine ya boti imeingia maji: jinsi ya kujua yamepitia wapi kabla hujafungua hedi

Ukikuta mashine imegoma na plagi zinatoka zimelowa, au oili imepanda kwenye kijiti cha kupimia na imeshageuka nyeupe kama maziwa, neno la kwanza utakalosikia pale ufukweni ni "hiyo gasketi tu", yaani ile pakiti nyembamba inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na bloku. Basi hedi inafunguliwa, gasketi mpya inawekwa, mashine inawaka watu wanapeana mikono, afu baada ya muda maji ni yaleyale. Gasketi inakufa kweli, sikatai, ila ni njia moja kati ya nyingi, na ukishafungua hedi umeshapoteza ushahidi wa zile njia nyingine zote. Kwahiyo hapa hedi tunaiacha ya mwisho. Kabla ya hapo kuna maswali matatu tu: ni maji gani, yamekaa wapi, na yaliingia lini, yaani mashine ikiwa inatembea, ikiwa inastatiwa, au ikiwa imelala. Ukiyajibu hayo kwa uhakika unabaki na njia moja au mbili za kukagua, na nyingi zinakaguliwa kwa bisibisi, ndoo na tochi.

Naongelea aina mbili za mashine. Kwanza zile za kufunga nyuma ya boti, tustroki, Yamaha Enduro za 15 na 40 ambazo zimejaa pwani yote na kwenye maziwa. Pili ni dizeli za ndani zenye silinda moja mpaka tatu, ambazo ekzosi yake inatoka na maji. Hizi za pili ndo zenye mambo mengi na ndo nitakaa nazo zaidi.

Kabla ya yote: acha kustati

Hili watu hawalipendi manake kila mtu anataka kusikia inalia. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Dizeli inabana hewa mara 18 mpaka 23 hivi, sasa kama juu ya pistoni kuna maji kikombe na we unabonyeza stata, kitu kitakachokubali kupinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Na inaweza isivunjike siku hiyo, inapinda kidogo, mashine inawaka, inakuwa na mlio wa ajabu na kompresheni ndogo kwenye silinda moja, mwezi mmoja baadae inatoka ubavuni. Kama ulibonyeza stata ikasema "tok" ikasimama, usidhani ni betri ukaenda kuazima betri kubwa zaidi. Simama hapohapo.

Kitu cha kwanza ni kuchukua rangi au tipeksi uweke alama kwenye flaiwili au puli ya mbele, mstari mmoja kwenye puli na mwingine kwenye bodi ya injini, vikutane. Hiyo inakuonyesha mashine ililala kwenye pozi gani wakati maji yanaingia. Kwenye dizeli alama hiyo ndo itakayokuja kutuambia ukweli kuhusu ekzosi, utaona huko chini.

Baada ya alama, piga picha kila kitu kama kilivyo, hasa ngama. Angalia kama kuna mstari wa uchafu kwenye ubavu wa injini unaoonyesha maji ya ngama yalifika wapi. Nimeona watu wanahangaika na hedi kumbe boti ilijaa usiku, pampu ya ngama ikafua maji yote alfajiri, na maji yalikuwa yameshapita kwenye tundu la kijiti cha oili. Mstari ulikuwepo pale pale, wa mafuta na chumvi, juu kidogo ya kijiti.

Tafuta chupa safi zinazoonyesha ndani, za maji ya kunywa zinatosha. Utahitaji moja ya oili kutoka chini kabisa ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), moja ya kila silinda yenye maji, moja ya mafuta kutoka chini ya tangi au kikombe cha filta, na kama injini ina kulanti (maji ya kupozea yenye dawa na rangi, yanayozunguka ndani ya injini), moja ya kulanti kwa kulinganisha. Andika kila chupa. Plagi au nozeli (zile za dizeli zinazopuliza mafuta silindani) zikitoka zipange kwa mpangilio wake kwenye ubao, usizichanganye kwenye kopo moja.

Na fanya haraka. Chumvi haisubiri, silinda iliyolowa maji ya bahari inaanza kutu muda huohuo inapokutana na hewa. Kukusanya sampuli ni kazi fupi, ukimaliza ndo unaendelea na huduma ya kwanza ambayo nimeiweka mwishoni.

Ni maji gani

Usionje. Kuna wazee wanaonja na wanajua, lakini kulanti nyingi zina sumu yenye utamu utamu na haifai kabisa mdomoni.

Chukua kijiko kikuukuu cha chuma, vuta maji toka kwenye chupa ya silinda kwa sirinji (kama yamechanganyika na oili iache chupa isimame usiku mzima, maji mengi yatashuka chini, vuta hayo ya chini), jaza kijiko na ukipashe moto taratibu juu ya jiko mpaka yakauke. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, kwahiyo kijiko tu kinakuachia ukoko mweupe unaoonekana wazi, unakwaruzika kwa ukucha. Maji ya mvua au ya mvuke wa hewa hayaachi kitu cha maana. Kulanti inaacha utelezi wenye rangi, kijani au pinki kutegemea uliyoweka. Ukitaka kuwa na uhakika kausha kijiko cha pili cha maji ya bahari halisi uweke pembeni ulinganishe.

Ukiona chumvi kwenye dizeli inayopozwa kwa kulanti, gasketi ya hedi inashuka kwenye orodha mara moja, manake ndani ya hedi hakuna maji ya bahari, kuna kulanti. Chumvi hapo imetoka ekzosi, pampu ya maji ya bahari, kipoza oili au ngama. Ukiona kulanti basi ni gasketi, ufa wa hedi, au oringi (pete za mpira) za laina, yaani silinda za kuchomeka, kwa injini zenye laina zinazooga maji. Hapo umeshapunguza nusu ya kazi kwa kijiko.

Ila kuna injini ambazo maji ya bahari ndo yanapita moja kwa moja ndani ya bloku, hazina kulanti. Yanmar za zamani ni mfano mzuri, 2GM20 bila herufi F inapozwa na bahari, 2GM20F ina kulanti. Kwenye hizo zisizo na F kijiko hakitakutenganishia gasketi na ekzosi, itabidi ufike kwenye valvu na kupima presha. Na watu wa Ziwa Victoria au Tanganyika chumvi hamna, nyie mtategemea rangi ya kulanti na kiwango chake kwenye kitangi tu.

Halafu usishtuke bure. Kaukungu keupe chini ya kifuniko cha kujazia oili, wakati oili ya kwenye kijiti ni safi na haijapanda, mara nyingi ni unyevu wa hewa tu kwenye mashine inayowashwa dakika kumi bandarini na kuzimwa. Ipeleke saa nzima kwenye mzigo uone kama itaondoka. Maji ya kweli yanapandisha oili kwenye kijiti. Ukiwa na shaka dondosha tone la oili juu ya kikaango kilichopata moto vizuri, oili kavu inatulia na kutoa moshi, yenye maji inatatarika.

Yaliingia lini

Hapa unamhoji nahodha, na uulize kwa upole manake akihisi analaumiwa atakwambia "ilizima tu yenyewe". Mara ya mwisho iliwaka vizuri lini? Ilistatiwa mara ngapi kabla ya kuwaka? Ilizimwa na wimbi linatoka nyuma? Ililala na koki ya maji ya bahari ikiwa wazi? Kuna mtu alibadilisha mpira wowote hivi karibuni, aliipaka rangi, aliibeba?

Ikizimwa salama jioni na kukutwa imejaa asubuhi au baada ya siku kadhaa, maji yaliingia ikiwa imelala: yamejivuta yenyewe kupitia bomba la kupozea, au yamerudi kwa ekzosi, au boti imejaa. Ikisumbua kuwaka, ikastatiwa mpaka betri ikalegea, kisha ikakamata, hayo yalisukumwa na pampu wakati wa kustati. Ikipoteza nguvu ikiwa inatembea, ikachemka, moshi mweupe mwingi usioisha, hapo gasketi inaanza kuwa mtuhumiwa wa haki.

Mashine za nje, tustroki

Toa plagi zote mbili uzipange. Plagi ya kawaida ya tustroki ina weusi na mafuta mafuta. Plagi ya silinda inayopitisha maji taratibu kwenye gasketi inakuwa safi ajabu, imeoshwa na mvuke, na ukimulika tochi kwenye tundu unaona kichwa cha pistoni nacho kimeng'aa upande mmoja. Huo upande uliong'aa ndo upande maji yanakotokea. Plagi iliyolowa matone lakini bado ina weusi wake, hayo maji yamekuja ghafla, sio ya muda mrefu.

Silinda gani imelowa? Kwenye Enduro silinda zimepangwa juu na chini. Maji yakipanda kwa ekzosi mashine ikiwa imesimama wima yatafika ya chini kwanza. Ukikuta ya juu imejaa na ya chini kavu, ekzosi sio jibu rahisi, nenda kwenye gasketi ya hedi au kava ya ekzosi ya pembeni, ile ina gasketi yake na watu wanaisahau, sahani ya ndani inaliwa na chumvi inatoboka na maji ya kupozea yanaingia kwenye njia ya moshi halafu silindani.

Zote mbili zimelowa na kabureta ukifungua kikombe chake chini inatoa maji? Basi ni mafuta au hewa. Mafuta unayajua kwa chupa: weka petroli iliyochanganywa na oili kwenye chupa, iache dakika chache, ichungulie kwenye mwanga. Oili ya tustroki ina rangi na inaipa petroli rangi, maji hayachukui rangi hiyo, yanakaa chini meupe, ukiinamisha chupa yanatembea kama tone moja zito. Yakiwepo usiishie kwenye kumwaga kabureta, fuatilia: dumu lililokaa wazi kwenye mvua, kifuniko cha tangi chenye skrubu ya hewa iliyoachwa wazi boti ikipiga mawimbi, au umeuziwa hivo. Chukua chupa ya pili moja kwa moja toka kwa muuzaji kabla ya kumlaumu.

Kama mafuta ni safi na kabureta ina maji ya chumvi, yamepitia njia ya hewa. Wimbi limepanda juu ya kava, au umeachia gesi ghafla ukiwa kasi na wimbi lako mwenyewe likakufikia nyuma. Angalia chini ya kava, mpira wa kuzunguka kava, na ukoko wa chumvi kwenye mdomo wa kuvutia hewa.

Sasa kuna njia moja ambayo kwetu naona ndo inaua Enduro nyingi na wala haihusu bahari. Jioni mashine inafunguliwa inabebwa nyumbani kwa kuogopa wezi. Mguu umejaa maji ya kupozea, kijana anaiweka begani kichwa kikiwa chini na propela iko juu, au anailaza kwenye mkokoteni hivohivo. Maji yaliyokuwa kwenye mguu yanashuka kwa njia ya ekzosi, na kama pistoni imesimama chini tundu la ekzosi liko wazi, yanaingia ndani. Asubuhi plagi zimelowa na fundi anasema gasketi. Kuthibitisha ni rahisi: iache siku mbili tatu ikiwa imefungwa wima baada ya kuisimamisha ikachuruzika maji yote, bila kuibeba. Kama iko kavu umepata jibu. Ukiibeba kichwa kiwe juu ya propela muda wote, na ikilazwa ilazwe hivohivo kichwa kimeinuliwa.

Kompresheni pima na geji, plagi zote zimetoka, gesi wazi kabisa, na waya za plagi umezigusisha kwenye chuma cha injini usije ukaua CDI, kile kifaa cha umeme wa plagi. Usihangaike sana na namba yenyewe, geji za mitaani zinatofautiana, angalia tofauti kati ya silinda mbili. Ikizidi asilimia 10 hadi 15 kuna tatizo. Weka kijiko cha oili kwenye ile dhaifu upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni gasketi au ufa.

Na gasketi ikiwa ndo yenyewe uliza imekufa kwa nini. Rangi iliyobabuka kwenye hedi ni dalili ya kuchemka. Impela (feni ya mpira ndani ya pampu ya maji) iliyoliwa na mchanga kwa kuwasha mashine kwenye maji mafupi, au matundu ya kuvutia maji yameziba kwa nailoni, hilo ndo tatizo la kwanza, gasketi ni la pili. Ukibadilisha gasketi ukaacha impela unarudi palepale.

Oili ya gia ikitoka nyeupe hilo ni jambo jingine kabisa, halina uhusiano na silinda. Toa propela uangalie mshipi uliojizungusha kwenye shafti, unakata sili. Zile washa (pete ndogo) za skrubu za kumwagia oili nazo watu wanarudishia kuukuu. Badilisha, endelea.

Dizeli ya ndani: hapa ndo penye kazi

Kwanza ielewe njia. Maji ya bahari yanaingia kwa koki chini ya boti, yanapita chujio, pampu yenye impela ya mpira, kipoza, halafu yanapigwa kwenye elbo (kona ya bomba) ya ekzosi yanachanganyika na moshi, yanashuka kwenye mafla ya maji, na moshi unayasukuma nje nyuma. Elbo iko sentimita chache tu kutoka kwenye valvu za ekzosi. Kwahiyo maji yakiwa mengi kwenye mafla na hakuna moshi wa kuyasukuma, yanarudi kwenye silinda.

Toa nozeli (sio kustati, kutoa), uchungulie kila silinda. Bado usizungushe kitu. Fungua kava la valvu juu na ushike kila roka (kile kimkono kinachosukuma valvu) kwa vidole uitikise. Roka ya valvu iliyofungwa ina mchezo mdogo, inacheza. Roka inayobana valvu iliyo wazi imekaza, haichezi. Kama silinda yenye maji ndo ile ile ambayo roka yake ya ekzosi imekaza, na nyingine zenye valvu zilizofungwa ni kavu, maji yameingia kwa ekzosi, karibu huna haja ya kubishana. Kama roka ya upande wa hewa ndo imekaza, nenda kwenye chujio la hewa, ngama imejaa ikarushwa na flaiwili au mtu ameosha injini na mpira. Kama valvu zote mbili za silinda hiyo zimefungwa na bado ina maji, au silinda mbili jirani zina maji, hapo gasketi na ufa vinapanda juu. Ndo maana nikasema weka alama kwenye puli, manake mtu akishazungusha injini ushahidi huu umeondoka, ukiwa na alama unaweza kuirudisha. Zingatia kwenye fostroki pozi hilo linarudi kila mizunguko miwili ya puli, kwahiyo hesabu.

Umejua ni ekzosi. Sasa kwa nini? Sababu ziko nne na zinapimwa tofauti.

Ya kwanza ni kujivuta. Kanuni ni ileile ya kuvuta mafuta kwenye dumu kwa mpira: mpira ukishajaa na upande wa kutolea ukiwa chini ya usawa wa maji, yanaendelea yenyewe. Impela haizibi kabisa, inapitisha taratibu usiku kucha. Pima urefu toka usawa wa maji ya nje mpaka pale mpira unapoingia kwenye elbo, boti ikiwa imepakia kama kawaida yake. Ikiwa chini ya sentimita 15 juu ya usawa wa maji, au iko chini ya usawa kabisa, lazima kuwe na kipinde kinachopanda juu sana chenye valvu ya kuingiza hewa kileleni. Kama kipo, fungua hiyo valvu uipulize kwa mdomo: hewa iende upande mmoja tu. Mara nyingi utakuta imeziba kwa chumvi, ioshe na maji ya uvuguvugu. Kama hakipo, umeshapata jibu. Jaribio la kuhakikisha: washa mashine ikiwa mzima, izime, chomoa haraka mpira kwenye elbo, ushikilie kwa urefu uleule juu ya ndoo. Ukiendelea kutiririka bila kukoma, boti yako inajaza injini kila ikilala. Funga koki kabla hujaachia.

Ya pili ni kustati muda mrefu. Kila unapozungusha injini pampu inaleta maji, injini haijawaka hakuna moshi wa kuyatoa, mafla inajaa. Hapa mkosaji sio ekzosi, ni kile kilichofanya isiwake, hewa kwenye mafuta, filta chafu, betri dhaifu. Dalili ni historia yenyewe pamoja na mafla iliyojaa mpaka mdomo wa kuingilia. Dawa ni kufunga koki ukishajaribu mara chache bila kuwaka, na kuifungua mara tu inapodaka. Andika kikaratasi ubandike kwenye stata.

Ya tatu ni wimbi la nyuma. Boti imetia nanga nyuma ikiangalia kusi, au imekokotwa injini imezimwa, wimbi linapiga bomba la ekzosi na maji yanapanda. Bomba lenyewe lipande juu kwanza kabla ya kushuka kutoka nje. Na mafla iwe na nafasi ya kupokea maji yote yanayorudi toka kwenye mpira injini ikizimwa. Mpira wa ndani milimita 50 unabeba karibu lita 2 kwa kila mita, kwahiyo mita tatu zikijaa ni lita 6. Jaza mafla yako kwa kopo uone inabeba ngapi kabla maji hayajafika mdomo wa kuingilia. Watu wananunua mafla kwa bei bila kupima hili.

Ya nne ni elbo yenyewe. Ndani ina kuta mbili, maji huku moshi huku, na chumvi ya moto inakula ukuta wa kati. Nje inaonekana nzima na imepakwa rangi nzuri. Itoe, ziba matundu, jaza maji sehemu ya maji, iache, angalia kama upande wa moshi unalowa. Igonge kidogo na bisibisi kote, sehemu iliyolika inasikika. Elbo ikishavuja hakuna cha kuchomelea, tafuta mpya.

Sasa kama silinda zote ni kavu na hazina kutu lakini oili ni maziwa na ina chumvi, acha ekzosi. Nenda pampu ya maji ya bahari, kama ni ile iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini na inaendeshwa na gia. Ndani ina sili mbili, moja ya maji na moja ya oili, na katikati yake chini kuna katundu kadogo ka kuchuruzia, sili ikifa maji yatoke nje uyaone. Kale katundu kakipakwa rangi au kakaziba kwa chumvi, maji yanakosa pa kwenda yanasukuma sili ya oili yanaingia sampu. Zibua kwa waya laini uone kinachotoka. Toa pampu, pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa, ukihisi mfereji sili mpya peke yake haitasaidia. Pampu iliyokaa pembeni ikiendeshwa na mkanda haiwezi kuleta maji kwenye oili, usiifungue bure.

Kama kuna kipoza oili kinachotumia maji ya bahari, kumbuka injini ikiwaka presha ya oili inazidi ya maji, oili ndo inatoka, utaona utandu wa mafuta kwenye maji ya ekzosi. Ikizimwa maji yanaweza kurudi kwenye oili. Dalili hizo mbili zikienda pamoja kitoe ukizibe upande mmoja, kitie hewa kwa pampu ya baiskeli ndani ya ndoo ya maji uangalie mapovu.

Hedi sasa, kama bado ipo kwenye orodha

Kwa injini ya kulanti azima kipima presha cha rejeta, jaza kulanti, pampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, isizidi. Nozeli zikiwa nje, mulika ndani ya silinda na usubiri. Ikishuka na ukaona silinda inalowa, umeona kwa macho. Ikishuka na silinda kavu na nje hakuna panapovuja, inashuka kwenye sampu, fikiria oringi za laina. Injini ikiweza kuwaka, mapovu yasiyoisha kwenye kitangi cha kulanti na mipira inayokuwa migumu mapema kabla ya joto nayo inaongea upande wa gasketi. Ukiifungua peleka hedi ikapimwe unyoofu na ufa, usirudishie tu.

Huduma ya kwanza

Nozeli au plagi nje, zungusha kwa mkono kwa spana, maji yatoke yote. Mwaga oili yote, weka ya bei nafuu, mimina oili nyepesi au WD-40 kwa kila silinda, zungusha tena. Ikizunguka laini ndo urudishe na kustati, ipeleke dakika 10 hadi 15, mwaga ikiwa ya moto, rudia mpaka oili itoke na rangi yake, na filta kila mara. Mashine ya nje iliyozama mzima na fundi yuko mbali, ni heri ikae ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi kuliko kukaa juani imelowa, hewa ndo inaleta kutu.

Baada ya matengenezo weka alama ya kiwango cha kulanti kwenye kitangi na cha oili kwenye kijiti injini ikiwa baridi. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, na uvute oili kidogo ya chini kwa sirinji uitie kwenye chupa. Fanya hivo tena baada ya safari ya kwanza yenye wimbi la nyuma, na tena baada ya boti kulala siku kadhaa koki ikiwa wazi, manake njia ya kujivuta haionekani mpaka boti ilale.